Jedwali la Watu Tisa

Jumatatu, 3 Machi 1975

Mashine ya hesabu imekwama tena. Nimeipaka mawese kwa sababu mafuta yake hayapatikani Kindu nzima. Sasa inazunguka, lakini biro, ofisi yetu yote, inanuka sombe kama jiko la kisamvu.

Nimefika mtu wa arobaini na moja. Wako zaidi ya elfu. Wakubwa wa shirika letu la bima Kinshasa wanataka kuwawekea wafanyakazi wa reli na wa bandari bima ya maisha ya pamoja. Mtu akifa, mjane na watoto wanabaki na kitu cha kushika. Hakuna kupimwa na daktari. Ukiwa kazini siku mkataba unapoanza, umeingia. Ila kabla ya kusaini wanataka kujua watu wa hapa wanakufa kwa kasi gani, na anayetakiwa kuwaambia ni mimi. Kila mfanyakazi namfuata kwenye karatasi mwaka kwa mwaka. Mwakani atakuwa hai? Na mwaka ule mwingine? Hivyo mpaka uzee wake. Mtu mmoja anakula asubuhi nzima.

Nitakufa mimi kabla ya jedwali.

Alhamisi, 6 Machi

Yaya Omari, kaka yangu mkubwa, alipita biro akitoka atelie, karakana ya reli, ovaroli imejaa matundu ya cheche. Akakaa kwenye kiti cha wageni bila kuombwa. Shefu Lubunga, mkuu wa biro, alimtazama vibaya, naye akamrudishia tabasamu.

Anachomelea vyuma pale tangu nilipokuwa darasa la nne. Baba alipokufa, Omari aliacha shule ili mimi niendelee. Hajawahi kunikumbusha. Afadhali angenikumbusha, ningepata la kumjibu.

Anakohoa. Nilimwambia aende kwa daktari.

"Mimi siko mugonjwa, mudogo. Ni moshi ya pale tu." Kisha akaniinamia. "Ile bima, atelie tutaingia?"

Nikasema mtaingia. Nilisema upesi mno.

Nyumba anayokaa ni ya reli. Akifa, mkewe Hadija na watoto watano watatolewa nje. Yeye analijua hilo, mimi nalijua, hatulitaji.

Jumamosi, 15 Machi

Salongo, kazi ya lazima ya serikali. Tumezibua mtaro wa barabara ya bandari, mvua inatupiga. Naichukia Salongo kwa moyo wote, na leo imenisaidia.

Mgawaji wa makoleo hakutaka kuandika majina yetu yote. Akatupanga makundi, akachagua mtu mmoja mmoja kutoka kila kundi, akasema huyu ndiye ninyi nyote, koleo likipotea nitamkamata yeye. Akamaliza kabla hatujalowa vizuri.

Nilisimama na tope mpaka magotini nikijiona mjinga. Kwa nini nawafuata watu elfu mmoja mmoja?

Jumanne, 25 Machi

Nimepata watu tisa. Nimewapanga wafanyakazi wote kwa umri na kazi, kila kundi nikalitolea mtu mmoja wa kulisimamia. Mtu wa Kwanza ni karani kijana. Mtu wa Tano ni dereva wa treni. Mtu wa Sita ni fundi wa atelie, miaka arobaini, kifua kimejaa moshi. Mtu wa Tisa anabeba magunia bandarini. Namfuata mmoja mpaka mwisho, kisha namzidisha kwa wenzake.

Nikawajaribu kwa wale arobaini na moja niliokwisha kuwafanya kwa njia ndefu. Tofauti ni ndogo hata aibu kuitaja.

Nilicheka peke yangu. Feza, daktilo wetu wa kupiga taipu, akauliza kama nina malaria.

Alhamisi, 10 Aprili

Sasa vifo. Jedwali bila vifo ni porojo. Nimechukua vya miaka mitatu kutoka sehemu mbili: komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ambako familia huandikisha, na zahanati ya reli, ambako kuna muuguzi mmoja mzee anayeandika kila aliyemfia mikononi. Sehemu moja haitoshi. Wengine hawafiki komini kwa uvivu, wengine hawafii zahanati.

Feza anasoma, mimi natia alama. Jina likijirudia nalifuta, nisije nikamzika mtu mara mbili. Salumu mmoja wa bandarini nimemfuta. Amisi wa atelie nimemfuta.

Feza ana sauti nzuri. Aliimba kwaya kule misheni. Kuanzia kwenye majina ya zahanati alisoma polepole, kama mtu anayepita kwenye nyumba aliyowahi kukaa. Nikamwambia akaze mwendo.

Ijumaa, 2 Mei

Jedwali limekwisha. Limeondoka na ndege ya leo, karatasi tano tu. Shefu alizishika mkononi kana kwamba anapima nyama. Hakuamini.

Mtu wa Sita ananisumbua. Anakufa haraka sana. Na Mtu wa Tisa hivyo hivyo. Nimerudia hesabu, mashine haijakosea. Basi ndivyo walivyo.

Nilipanda mtumbwi kurudi nyumbani Alunguli, ng'ambo ya mto, nikirudia hesabu kichwani.

Jumatatu, 9 Juni

Jibu la Kinshasa. Shefu alitusomea akiwa amesimama, abakosti, ile suti ya amri isiyo na tai, imefungwa mpaka kooni. Mkurugenzi anatoa pongezi kwa "njia fupi na ya akili" ya biro ya Kindu. Wataifuata mikoa mingine. Shefu alinishika mkono mbele ya wote. Nilifurahi. Naandika hapa kwa kuwa ni kweli, nilifurahi.

Kisha akageuza ukurasa. Mkataba unaanza tarehe moja Julai kwa makarani, madereva na walinzi wa stesheni. Atelie na bandari hawamo. Vifo vyao vimepita kikomo ambacho bima inakubali.

Jumanne, 10 Juni

Nilikwenda kumwambia Omari mwenyewe, nisimwachie maneno ya mtaani. Alikuwa anatengeneza mlango wa kuku. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Njo hesabu yako imesema vile?"

"Ndiyo, njo imesema, yaya."

"Basi kama ni wewe ulihesabu, ni kweli."

Akaendelea na mlango. Hadija alinipa chai bila kuniangalia. Ningependa zaidi anitukane.

Jumapili, 29 Juni

Lazima niandike haya usiku huu huu.

Leo palikuwa na kuvua matanga mtaa wa Mikelenge. Mjane wa fundi mmoja wa atelie, Kitete, aliyeungua kwa mvuke wa boila mwaka juzi, alikuwa anavua nguo nyeusi. Omari alifanya kazi naye, akanivuta tuende. Walimnyoa mjane, wakamvika kitenge kipya, ngoma ikapigwa, watu wakala. Yeye akacheza kidogo, kisha akakaa chini katikati ya uwanja akaanza kulia. Akawa anaita. "Andereya! Andereya wangu!"

Nikamuuliza Omari, Andereya ni nani tena?

"Si njo Kitete mwenyewe. Andereya ni jina yake ya zamani, ya ubatizo. Ni ya mbele serikali iseme watu waache majina ya wazungu."

Andereya. Andereya Petro. Aliungua kwa mvuke. Namkumbuka, maana Feza alilisoma jina lile kwenye vifo vya zahanati na nikashangaa, nikajisemea atelie ile ni hatari kweli, mwezi mmoja boila limeua wawili, Andereya Petro na Kitete. Nikawatia alama wote wawili.

Yule muuguzi mzee anawaandika wagonjwa wake kama alivyowazoea miaka yote. Komini inaandika jina jipya, ndiyo amri. Mtu huyo huyo. Orodha ya mishahara nayo ni ya majina mapya tu, kwa hiyo wazima nimewahesabu mara moja. Wafu nimewahesabu mara mbili.

Na mimi nilijiona mwangalifu, nafuta majina yaliyojirudia! Nimefuta ya nani? Salumu. Amisi. Waislamu wenzangu. Jina langu ni la babu yangu, hakuna aliyeligusa, sikuwahi kufikiri kwamba jirani yangu ana jina lingine chumbani. Miaka mitatu nimemsikia Feza akiitwa Feza, sikuuliza kabla ya hapo aliitwa nani.

Makarani, madereva na walinzi hutibiwa hospitali kubwa. Wanaofia kwa muuguzi yule ni wa atelie na wa bandari. Ndiyo maana ni Mtu wa Sita. Ndiyo maana ni Mtu wa Tisa.

Omari alikuwa anakula wali na kunitania kwamba nimeogopa mjane. Sikumwambia.

Jumatatu, 30 Juni

Nilimwuliza Feza tukiwa wawili tu. Aliitwa nani?

Alitazama mlango kwanza. "Rozalia."

Nikamwuliza kama alijua, siku ile anasoma.

"Nilijua wengine. Nilifikiri na wewe unajua. Kila muntu iko na yake ya ndani ya nyumba. Wewe hauna, njo maana."

Kesho mkataba unaanza bila atelie.

Jumanne, 1 Julai

Nimemwambia Shefu. Nilifunga mlango nikamweleza yote, Kitete, Andereya, zahanati, komini. Alielewa mara moja, si mjinga.

"Na utaandika nini Kinshasa? Kama raiya wa Zaire iko na majina mbili? Kama hapa Kindu, miaka tatu nyuma ya amri, zahanati ya reli inaandika watu Andereya na Petro? Kwa karatasi yenye jina yangu chini?"

Nikasema tuandike tu kwamba kuna vifo vilivyojirudia.

"Watauliza vimejirudia namna gani."

Akaniambia yule muuguzi atakuwa wa kwanza kuchukuliwa, mimi wa pili, yeye wa tatu. Kuna katekista wa upande wa Lokandu aliyechukuliwa kwa kumpa mtoto mmoja tu jina la ubatizo, mpaka leo mkewe anazunguka maofisi. Hayo nayajua.

Nilimchukia Shefu njia nzima mpaka mtoni. Nilipofika katikati ya maji nikaona kwamba na mimi naogopa kama yeye. Sina tofauti naye.

Alhamisi, 3 Julai

Sikufanya kitu. Nimechonga penseli.

Jumapili, 13 Julai

Omari hakuja kula kwangu. Nikaenda. Amelala mchana, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Anasema amechoka tu. Mbavu zinahesabika.

Nimempakata mtoto mdogo muda mrefu. Ana pua yetu.

Jumatano, 16 Julai

Nimepata njia. Si nzuri lakini ni njia.

Kinshasa walipenda nini? Ufupi. Basi nitawapa ufupi zaidi. Nitaandika kwamba biro ya Kindu imerahisisha tena kazi: kuanzia sasa vifo vinachukuliwa komini peke yake, ili kuokoa muda. Sitataja jina la mtu yeyote. Sitasema tulikosea. Nitasema tumeharakisha.

Tatizo ni wale waliofia zahanati ambao komini haikuwapata kabisa. Nikiwaacha, nitakuwa nadanganya upande wa pili, na sitaki jedwali linalodanganya hata likimsaidia ndugu yangu. Lazima nijue nani ni nani. Jina moja moja.

Feza amekubali kunisaidia. Nilimwambia anaweza kukataa. Akasema afadhali afanye yeye, mimi nitaharibu.

Jumatatu, 28 Julai

Jioni tunakaa nyuma ya nyumba ya mama yake kama wachumba. Majirani wameanza kutabasamu. Anasoma: Yosefu Mariani. Anafumba macho. Huyo ndiye Mulamba wa bandarini, mkewe anauza samaki wa moshi. Filipo? Huyo ni Kabunda, alisimamia ndoa ya dada yake Feza. Asiowajua anakwenda kuwauliza wajane kwao, anajifanya anakusanya watu wa maombi.

Kila jioni tukikunja mkeka tunachoma karatasi kwenye jiko la mama yake. Mama anauliza kwa nini watu wa biro wanachoma kazi yao. Feza anamwambia ndiyo kazi ya siku hizi.

Mtu wa Sita anapona mbele ya macho yangu. Bado si mzima, atelie ni atelie, lakini yuko chini ya kikomo. Alikuwa chini ya kikomo tangu mwanzo.

Jumatano, 6 Agosti

Jedwali jipya limeandikwa. Nilimpelekea Shefu na barua ya "njia ya haraka zaidi". Waliobaki wa zahanati nimewatia ndani kimya kimya, hakuna atakayewaona.

Shefu alisoma mstari wa kwanza. Akaruka mpaka jedwali, akakaa na Mtu wa Sita kwa muda. Najua alijua. Akavua kofia ya kalamu.

"Miye sikusoma," alisema, akasaini.

Sijui nimwite nani mtu huyu.

Jumatatu, 25 Agosti

Ndege imekuja, Kinshasa kimya. Wiki iliyopita haikuja kabisa.

Jumanne, 16 Septemba

Ramadhani. Omari anafunga na damu inatoka kifuani. Hadija alinionyesha kitambaa. Nilimgombeza mbele ya watoto, nikamwambia mgonjwa amesamehewa kufunga. Akasema si mgonjwa. Bado anakwenda atelie, wenzake wanamficha nyuma ya mabogi apumzike. Anaogopa akitajwa mgonjwa ataondolewa kazini, na asiye kazini hataingia bima ikija.

Kwa hiyo ni mimi ninayemsimamisha pale. Mimi na barua yangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Idi imepita. Omari alivaa kanzu ya baba na ilimpwaya. Alisali ameketi. Watoto walipewa viatu vipya vya plastiki.

Aliniuliza kama Kinshasa wamejibu. Nikasema bado. Akasema, "Watajibu." Yeye ndiye anayenifariji mimi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Omari amekufa asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Tayari alikuwa amevaa ovaroli.

Tumemzika alasiri.

Jumapili, 19 Oktoba

Watu wa atelie wamejaa uani. Wakristo na Waislamu, wanakaa popote. Fundi mmoja aliniambia, bila ubaya, kwamba madereva wa treni wao tayari wana bima, juzi mjane wa dereva amepata haki yake, anailipa reli kodi, na hajatolewa nyumba. Aliniambia kama habari tu.

Kama ningesikiliza vizuri mwezi wa nne. Kama ningemwuliza Feza kwa nini anasoma polepole. Atelie ingeingia tarehe moja Julai pamoja na wengine, na Hadija asingekuwa anafunga vyombo.

Naliandika mara moja hapa. Kichwani linajirudia lenyewe.

Jumatatu, 3 Novemba

Reli imempa Hadija barua ya kuondoka. Wamehamia kwangu Alunguli, vitanda vimevuka mto kwa mitumbwi miwili. Mtoto mkubwa alikataa kuuacha mlango wa kuku. Tukavuka nao.

Hadija hajaniuliza chochote kuhusu bima. Sijamweleza chochote. Nikimweleza, nitahitaji anisamehe, na ana kazi ya kutosha.

Jumatatu, 24 Novemba

Kinshasa wamejibu. Jedwali jipya limekubaliwa. Mkurugenzi anapongeza tena Kindu kwa kuokoa muda. Atelie na bandari wanaingia tarehe moja Januari.

Mafundi walikuja biro na samaki mkubwa wa Lualaba kwenye majani ya ndizi. Waliimba. Mmoja alininyanyua. Nilisimama pale nimeshika samaki, nikawashukuru, nikaomba ruhusa kwenda nje. Nilikaa nyuma ya ukuta mpaka wakamaliza kuimba.

Samaki nilimpelekea Hadija. Alimpika na pilipili. Watoto walikula vizuri.

Alhamisi, 25 Desemba

Siku ya kazi kama nyingine, tangu sikukuu hii ifutwe mwaka jana. Feza amekuja na nguo safi, kichwa kimesukwa upya. Nilimletea maandazi ya Hadija, tukala tukiwa tumesimama dirishani. Mvua ilikuwa nyembamba.

Mchana tukaanza vifo vya mwaka huu, kwa jedwali la mwakani. Sasa tuna desturi yetu. Yeye anasoma jina la komini, kisha ananitajia lile lingine kwa sauti ya chini kama lipo, nami nalitafuta kwenye vifo vya zahanati nisije nikamhesabu mtu tena. Tulikwenda vizuri. Tulipofika mwezi wa kumi akasoma: Omari wa atelie. Akangoja.

"Hakuwa na lingine," nikamwambia.

Nikatia alama moja kwa Mtu wa Sita. Feza akageuza karatasi, akasoma anayefuata.